UZI: Wanyama katika michoro ya jadi ya Kijapani, tusiwasome mmoja mmoja

WinoMweusi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila anapotokea mtu humu anayetaka tatuu ya samaki koi au joka la Kijapani, swali ni lile lile: huyu mnyama anamaanisha nini? Majibu nayo huwa ya mstari mmoja. Korongo ni maisha marefu, koi ni ustahimilivu, simbamarara ni nguvu, mjadala umefungwa. Majibu hayo yana ukweli wake, ila yanamng'oa mnyama mahali alipochorwa. Mchoraji wa Kyoto wa miaka 400 iliyopita alipewa mlango au kiambaza cha chumba fulani, cha mtu fulani, na mnyama aliyemchora humo alipata maana kutokana na alichosimama nacho: ua gani, mti gani, mwezi au mawimbi. Kwa hiyo mimi huuliza mambo mawili. Yuko na nani? Na ukuta ni wa nani?

Naanza na simba, kwa sababu huyu tunamjua.

Katika Japani ya wachoraji hao hakukuwa na simba hata mmoja. Hata hivyo, miongoni mwa hazina zao za taifa kuna simba wawili wanaotembea bega kwa bega juu ya dhahabu. Ni kazi ya Kanō Eitoku (1543–1590), mchoraji wa Oda Nobunaga na Toyotomi Hideyoshi, wababe walioiunganisha nchi kwa upanga. Wamechorwa kwenye kiambaza cha kukunjwa chenye kimo cha zaidi ya mita 2.2 na upana wa mita 4.5. Simba wenyewe si wa Serengeti. Manyoya ya shingoni na mkiani yamejiviringa viduara viduara, na uso ni mpana wenye macho ya kutoka nje. Alitoka India pamoja na dini ya Kibudha, akapita China na kubadilishwa sura huko, akaingia Japani kwa jina la karajishi, yaani simba wa Kichina. Kazi yake ilikuwa ulinzi wa dini. Monju, bodhisatva (mtakatifu wa Kibudha) wa hekima, humpanda mgongoni. Bwana wa vita aliyeketi mbele ya kiambaza kile alikuwa anajivika ulinzi huo mbele ya wageni wake.

Sasa mwondoe simba kwenye dhahabu, mweke chini ya maua ya peoni. Hapo maana inageuka. Peoni ni mfalme wa maua, simba ni mfalme wa wanyama, hilo liko wazi. Lakini Wajapani husimulia zaidi: simba haogopi kiumbe chochote isipokuwa mdudu anayezaliwa ndani ya manyoya yake mwenyewe na kumla taratibu. Dawa yake ni umande wa peoni, ndiyo maana usiku simba hulala chini ya maua hayo. Ukiiona picha hiyo, unamwona mwenye nguvu ambaye hatari yake anaibeba mwilini. Wahenga wetu walishalisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Simbamarara naye huchorwa na mianzi. Inasimuliwa kwamba tembo hawezi kupenya kwenye mianzi iliyosongamana, basi simbamarara hukimbilia humo. Mpe joka kama mwenzake na habari ni nyingine kabisa: joka huita mawingu na mvua, simbamarara huita upepo, na wawili hao wakitazamana kwenye milango ya hekalu la Zen, madhehebu ya Kibudha ya kutafakari, ni nguvu za mbingu na za ardhi zinazopimana.

Nitaendelea. Karibuni kwa maswali.

FundiBrashi

Mkuu, uzi mzito. Mimi ni mchoraji wa Tingatinga, chui na simba ndio riziki yangu. Niliwahi kuona picha za milango ya ngome moja ya Kyoto, imejaa simbamarara wenye macho makubwa mno, na katikati yao yuko chui kabisa, na madoa yake yote. Chui na simbamarara familia moja? Na walimchoraje mnyama ambaye hawajawahi kumwona?

WinoMweusi

FundiBrashi, hiyo ni Ngome ya Nijō, kasri la Ninomaru. Michoro ilifanywa na wachoraji wa ukoo wa Kanō, kasri lilipotengenezwa upya kwa ajili ya ziara ya Mfalme Go-Mizunoo mwaka 1626. Na macho yako hayakukudanganya, yule ni chui. Enzi hizo Wajapani wengi waliamini kwamba chui ndiye jike la simbamarara! Kwa hiyo mchoraji alidhani anachora baba na mama pamoja na watoto. Hata hekalu la Nanzen-ji, mji huo huo, lina milango ya simbamarara wenye chui kati yao.

Kuhusu namna walivyochora: walikuwa na picha kutoka China na Korea, ngozi zilizoletwa kwa meli, na paka wa nyumbani. Ngozi inakupa mistari na urefu wa mkia, haikupi macho wala misuli wala namna mnyama anavyoweka uzito wake anapokunywa maji. Mengine yote yalitoka kwa paka. Ukiangalia vizuri, simbamarara wengi wa Kijapani wana mboni za kusimama wima, ilhali mboni ya simbamarara halisi ni ya mviringo. Maruyama Ōkyo (1733–1795), mtu aliyejulikana kwa kuchora alichokiona kwa macho yake, naye alilazimika kutegemea ngozi. Simbamarara wake wako Kotohira, kisiwa cha Shikoku, na manyoya yao unatamani kuyagusa, lakini sura ni ya paka aliyeamshwa usingizini.

Mwanafunzi wake, Nagasawa Rosetsu, ndiye anayenigusa zaidi. Mwaka 1786 alichora simbamarara mmoja kwa wino kwenye milango ya hekalu la Muryō-ji, Kushimoto, kusini kabisa mwa rasi ya Kii. Mnyama amejaza milango, anaruka kukujia. Upande wa pili wa milango hiyo hiyo kuna paka kando ya maji, anawavizia samaki. Wapo wataalamu wanaosema simbamarara yule ni paka yule, kama samaki anavyomwona kutoka majini. Mimi nayakubali maelezo hayo. Yanauelezea ukubwa wake, na yanaeleza kwa nini pande mbili za mlango mmoja zimepewa wanyama hao wawili.

Na jibu la "ukuta ni wa nani" kule Nijō: vyumba vya simbamarara ni vile ambavyo mabwana wa mikoa walisubiri kuonana na shoguni, mtawala wa kijeshi wa nchi. Umekaa kwenye mkeka, umezungukwa na meno. Unaelewa uko kwa nani kabla hujaitwa.

BintiKisauni

Shukrani kaka Wino. Naomba korongo basi, maana ndiye niliyemjia. Nataka kumchora mama kadi ya kutimiza miaka 70.

WinoMweusi

Dada, umechagua vizuri. Wajapani husema korongo huishi miaka 1,000 na kobe miaka 10,000. Korongo huyo ni yule mweupe mwenye utosi mwekundu, na akitumika kwa kumtakia mtu umri mrefu huwekwa na msonobari, ambao haupukutishi majani hata wakati wa theluji, na mara nyingi na jua linalochomoza. Kobe wa umri mrefu utamtambua kwa kitu kinachofanana na mkia wa manyoya, nao ni mwani ulioota mgongoni kwa uzee. Mchoree mama korongo, msonobari na kobe, hakuna Mjapani atakayekosa kuelewa.

Lakini nikuonyeshe jambo. Kuna gombo lililoko Jumba la Makumbusho la Taifa la Kyoto, lenye urefu wa zaidi ya mita 13. Tawaraya Sōtatsu alichora korongo kwa dhahabu na fedha kuanzia mwanzo hadi mwisho: wanasimama ufukweni, wanaruka, wanapanda juu hadi wanakatwa na ukingo wa karatasi, wanashuka tena. Juu yao Hon'ami Kōetsu ameandika mashairi ya washairi 36, herufi nene pale ndege wanapojazana, nyembamba pale wanapopungua. Korongo hao hawamtakii mtu umri. Wanabeba mahadhi ya shairi. Ndiyo sababu naogopa orodha.

Mmakonde_Halisi

Ndugu WinoMweusi, nakusoma kwa makini, ila nina pingamizi. Yote uliyotaja ni ya wakubwa. Bwana wa vita, shoguni, mfalme, hekalu. Dhahabu ukutani. Mtu wa kawaida, seremala au muuza samaki, alikuwa na mnyama gani? Maana kama mnyama ni wa kutisha wageni wa ikulu tu, basi tunazungumzia matangazo ya watawala.

WinoMweusi

Mmakonde, pingamizi lako ni la haki na jibu lake ni kambale.

Watu wa Edo, yaani Tokyo ya sasa, walisimulia kwamba chini ya ardhi analala kambale mkubwa, na akijitikisa, nchi inatetemeka. Mungu wa Kashima ndiye anayemgandamiza kwa jiwe. Sasa, mwezi wa kumi wa kalenda ya zamani ni mwezi ambao miungu yote husafiri kwenda patakatifu pa Izumo na kuacha vituo vyao, huyo wa Kashima naye akiwemo. Usiku wa tarehe 11 Novemba 1855, ambao kwa kalenda hiyo ulikuwa siku ya pili ya mwezi wa kumi, tetemeko liliipiga Edo. Nyumba ziliporomoka, moto ukatapakaa, maelfu wakafa. Ndani ya siku chache mitaa ikajaa picha za kambale, zilizochapwa kwa mbao za kuchonga, bila kibali cha wakaguzi wa serikali na bila jina la mchoraji.

Picha za kwanza ni zile unazozitarajia: watu wanampiga kambale kwa virungu, wanamlaumu kwa ndugu waliopotea. Lakini tazama pembeni. Kuna watu wanakimbia kuwazuia wapigaji, nao ni maseremala, wapiga lipu na waezekaji. Mji umebomoka, wao wamepata kazi. Kwenye picha nyingine kambale anawafanya matajiri watapike sarafu, na maskini wanaziokota. Kulikuwa na neno mitaani, yonaoshi, kuunyoosha ulimwengu, na kambale alikuwa mnyooshaji. Mnyama aliyeua ndiye huyo huyo anayegawa. Sijui mchoro wa ikulu unaosema jambo zito namna hiyo kuhusu msiba na anayefaidika nao. Baada ya takriban miezi miwili serikali ilipiga marufuku, mbao zikaharibiwa. Waliogopa, na walikuwa na sababu.

Sasa rudi nyuma miaka 440. Karibu mwaka 1415 shoguni Ashikaga Yoshimochi alimwagiza mtawa Josetsu amchoree mtu anayejaribu kumkamata kambale kwa kibuyu. Fikiri: samaki mtelezi, chombo laini cha mdomo mwembamba. Watawa 31 wa Zen wakaandika juu ya picha hiyo, kila mmoja na beti zake, wakijibu swali la kibuyu na kambale. Kambale wa hapo ni akili yako mwenyewe, inayoteleza kila unapotaka kuishika. Picha iko Taizō-in, ndani ya hekalu la Myōshin-ji, Kyoto.

Samaki ni yule yule. Ukuta wa hekalu unampa maana moja, karatasi ya mtaani inampa nyingine, na hakuna orodha ya mstari mmoja itakayowabeba wote wawili.

Wa pili kwa mtu wa kawaida ni jogoo juu ya ngoma. Mtawala mmoja wa kale wa China aliweka ngoma nje ya lango, mwenye malalamiko aipige. Utawala ukawa wa haki, ngoma haikupigwa, kuku wakaifanya kituo chao. Basi jogoo aliyetulia juu ya ngoma ni nchi yenye amani. Mfanyabiashara wa Edo aliyenunua picha hiyo alikuwa anasifu utawala, au anautajia utawala kipimo chake. Inasomeka kote kuwili.

Mmakonde_Halisi

Nimepokea. Hiyo ya maseremala imenikaa. Hata kwetu baada ya mafuriko, mwenye lori la mchanga hulala macho wazi akipiga hesabu.

Mwana_wa_Malindi

Salaam aleikum. Je, twiga? Tunasoma kwamba Malindi ilimpeleka twiga China wakati wa Zheng He, yule baharia wao. Japani walimchora?

WinoMweusi

Waaleikum salaam. Ni kweli, mwaka 1415 twiga wa Malindi alifika kwa Mfalme Yongle wa China, na barazani wakamchukulia kuwa ni qilin, mnyama wa heri anayejitokeza wakati wa mtawala mwema. Wajapani walimjua qilin kwa vitabu na picha za Kichina na kumwita kirin, lakini wa kwao alibaki wa hadithi: mwili wa kulungu, magamba, pembe, miali ya moto begani. Twiga hai walifika kwenye bustani ya wanyama ya Ueno, Tokyo, mwaka 1907, michoro tunayoizungumzia ikiwa imeshakuwa ya kale. Nao waliitwa kirin mpaka leo.

Tembo ndiye aliyefika mapema. Mwaka 1728 tembo wawili waliletwa Nagasaki kutoka Vietnam kwa ajili ya shoguni Tokugawa Yoshimune. Jike alifia Nagasaki. Dume alitembezwa kwa miguu mwaka uliofuata mpaka Edo, akapita Kyoto na kuonwa na mfalme. Kyoto wakati huo alikuwepo mvulana wa miaka 13 hivi, mtoto wa muuza mboga wa jumla kwenye soko la Nishiki. Jina lake Itō Jakuchū. Akiwa mzee alichora viambaza viwili, kimoja tembo mweupe amekaa ufukweni ameinua mkonga, kingine nyangumi mweusi anarusha maji. Mkubwa wa nchi kavu na mkubwa wa bahari, mweupe na mweusi, wanasalimiana. Weupe wa tembo unatoka kwenye dini, kwa sababu Fugen, bodhisatva mwenzake Monju, humpanda tembo mweupe wa pembe sita.

Jakuchū huyo huyo alifuga kuku uani na kuwatazama muda mrefu kabla hajagusa brashi. Kisha akachora magombo 30 ya viumbe, kuanzia jogoo mpaka pweza, vyura na wadudu, akayatoa kwa hekalu la Shōkoku-ji. Yalitundikwa kuzunguka picha za Budha na wasaidizi wake wawili. Ukiona ukurasa mmoja wa jogoo kwenye kalenda, unadhani ni umahiri wa manyoya. Yakitundikwa yote, ni viumbe vyote vimekuja kusikiliza.

BintiKisauni

Na paka? Umemtaja kwa kusaidia kuchora simbamarara tu. Mimi naona Wajapani wanampenda sana.

WinoMweusi

Dada, umenigusa palipo na utajiri. Kuna aina ya picha inayoitwa nehan-zu, kifo cha Budha. Amelala ubavu katikati ya miti, wanafunzi wanalia. Ya zamani kabisa yenye tarehe ni ya mwaka 1086, iko Mlima Kōya. Humo mnyama ni mmoja tu, simba, pembeni chini, amejiangusha chali kwa uchungu. Karne zilivyokwenda wakaongezwa: tembo, ng'ombe, kulungu, nyoka, tausi, kasa, hadi konokono. Chini ya kitanda kunakuwa na umma mzima wa wanyama wanaoomboleza. Paka kwa desturi hayumo. Zinasimuliwa sababu nyingi, mojawapo kwamba alimkamata panya aliyetumwa kuleta dawa.

Halafu njoo Tōfuku-ji, Kyoto. Mtawa Minchō alichora nehan-zu kubwa mno mwaka 1408, na paka yumo. Hekalu linasimulia kwamba paka alikuwa akimletea mchoraji udongo wa rangi aliokuwa ameishiwa, naye akamlipa nafasi kwenye picha. Sichukui hadithi hiyo kama ushahidi. Ninachokichukua ni kwamba watu walimtafuta paka kwenye picha, walimkosa kwenye nyingine, na kukosekana kwake kulikuwa na maana sawa na kuwepo kwa simba. Kwa hiyo ongeza swali la tatu kwenye yale mawili yangu: nani hayupo?

FundiBrashi

Mkuu, na wale wa misimu? Kulungu na majani mekundu, mbayuwayu na mierebi, nawaona mpaka kwenye karata.

WinoMweusi

Karata hizo ni hanafuda, 48, nne kwa kila mwezi. Zimehifadhi baadhi ya jozi za wachoraji: kulungu na majani mekundu kabla hayajapukutika, nguruwe mwitu na maua ya kichaka cha hagi, mbayuwayu na mti wa mierebi, bata bukini na mwezi. Mtu aliyekulia humo akiona kulungu peke yake anaisikia baridi inayokuja. Sikai sana hapo kwa sababu jozi hizi ukizikariri unazijua. Kulungu pekee anahitaji tahadhari: akiwa mweupe, na tandiko mgongoni, ni wa Kasuga kule Nara, ambako yeye ni mjumbe wa miungu, na picha hiyo watu waliiabudia.

Mwana_wa_Malindi

Mwisho mkuu, tunaziona wapi bila kupanda ndege?

WinoMweusi

Ingia ColBase, ni tovuti ya makumbusho ya taifa ya Tokyo, Kyoto, Nara na Kyushu, haidai malipo. Tafuta kwa jina la mchoraji. Kisha tafuta mtandaoni magombo ya wanyama ya hekalu la Kōzan-ji, Kyoto, ya karne ya 12 na 13, uone sungura na chura wakipigana mweleka na nyani aliyevaa kanzu ya mtawa akimwombea chura aliyekaa mahali pa Budha. Yafungue kutoka kulia kwenda kushoto, ndivyo yanavyosomwa. FundiBrashi, wewe tazama miguu ya sungura kwanza: mstari mmoja wa wino, hakuna rangi. BintiKisauni, ukimaliza kadi ya mama iweke hapa tuione.